Maji ya bomba Mwanza: dalili, chanzo chake na la kufanya

Maji ya bomba jijini Mwanza yanavutwa Ziwa Victoria. Mtamboni, iwe Capripoint au Butimba, yanatiwa shabu ili uchafu ushikane na kutuama, yanachujwa kwa mchanga, halafu yanatiwa klorini na kusukumwa kwenda kwenye matangi ya milimani. Hapo bado hayajafika kwako. Kuna bomba kuu, bomba la mtaani, dira, bomba lako mwenyewe, simtanki, ndoo na kata. Dalili ileile inaweza kuwa na chanzo kimoja ikianzia kwenye bomba kuu na chanzo kingine kabisa ikianzia kwenye simtanki, kwa hiyo kabla ya kuuliza maji yana nini, tafuta yameharibikia wapi.

Pia elewa jambo hili mapema: mengi yanayowatisha watu, kama weupe, harufu ya dawa au ladha ya udongo, hayana madhara makubwa. Maji yanayolaza watu hospitalini mara nyingi ni maangavu, hayanuki wala hayana ladha yoyote.

Anza kwa glasi tatu

Chukua glasi tatu safi za kioo, uzipe alama. Ya kwanza ijaze kwenye bomba lililo karibu na dira, kabla maji hayajaingia kwenye tangi. Kama huna bomba hapo, mwambie fundi aweke koki moja baada ya dira. Haina gharama kubwa na bila hiyo utakuwa unabahatisha kila mara. Ya pili ijaze kwenye bomba la jikoni linalotoka kwenye tangi. Ya tatu ichote kwenye chombo mnachonywea. Kila bomba liache litiririke dakika mbili hivi kabla ya kuchukua.

Glasi ya kwanza ikiwa mbaya, muulize jirani wa juu na wa chini yako. Wote wakiwa na shida hiyo, tatizo liko kwenye mtandao na mamlaka ya maji ndiyo inayopaswa kujulishwa. Ikiwa ni kwako peke yako, angalia kipande cha bomba kati ya bomba la mtaani na nyumba yako. Ya kwanza nzuri na ya pili mbaya, hilo ni tangi. Mbili za mwanzo nzuri na ya tatu mbaya, ni ndoo, dumu au mkono unaochota.

Kifaa kimoja tu kinastahili kununuliwa na mtu wa kawaida, nacho ni kisanduku cha kupimia klorini chenye vidonge vya DPD namba 1. Weka mililita 10 za maji, tia kidonge bila kukigusa kwa vidole, tikisa, linganisha rangi ya waridi ndani ya dakika moja. Ukichelewa rangi inaendelea kukolea na utasoma kipimo cha uongo. Vile vipimo vya mabwawa ya kuogelea vinavyogeuka njano havitenganishi klorini huru na ile iliyokwisha kujifunga na uchafu, kwa hiyo vinaweza kukupa moyo bure. Kalamu ya TDS, inayopima madini na chumvi zilizoyeyuka majini, nayo ina kazi yake, tutaifikia.

Maji hayana klorini kabisa

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na haionekani kwa jicho. Kwenye bomba la mteja tunataka angalau miligramu 0.2 za klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kwa kila lita, na 0.5 inaridhisha zaidi. Ukisoma sifuri kwenye glasi ya kwanza, kuna mambo matatu ya kufikiria.

La kwanza ni umbali na joto. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa bombani. Kwenye vilima vya mawe kama Mabatini, Igogo au Isamilo mabomba mengi yamelazwa juu ya miamba, yanapigwa jua mchana kutwa, na klorini huisha upesi. Pima tena alfajiri maji yakiwa yametiririka vya kutosha. Ikipanda hadi 0.2 au zaidi, chanzo ni hicho.

La pili, na baya zaidi, ni mgao. Maji yakikatika, bomba haliko tu tupu. Maji yaliyobaki yanateremka kuelekea bondeni na kuacha mvuto nyuma yake. Kila tundu, kila kiungo kilichofungwa kwa mpira wa tairi, kila bomba lililopita ndani ya mtaro linageuka mdomo unaonyonya. Maji ya mtaro, ya chemba iliyofurika au ya shimo la choo lililo jirani yanaingia. Maji yakirudi yanasukuma uchafu huo hadi kwenye bomba la kwanza lililo wazi, na klorini yote iliyokuwemo inatumika kupambana nao. Ndiyo maana sifuri ya klorini mara tu baada ya mgao haichukuliwi kirahisi. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaani inaleta mvuto huohuo hata siku ambayo maji hayajakatika, tena inawanyonyea uchafu na majirani. Pampu ivute kutoka kwenye tangi, si kwenye bomba la mtaani.

La tatu ni mpira wa bustani. Ukiachwa umezama kwenye ndoo ya kufulia au pipa la rangi, presha ikishuka bomba linavuta kilichomo. Valvu ya kuzuia maji kurudi ikiwekwa baada ya dira, mlango huo umefungwa.

La kufanya baada ya mgao: funga njia ya kuingia kwenye tangi kabla maji hayajarudi, fungua bomba la karibu na dira, acha yatoke. Bomba la nusu inchi linabeba takribani lita 0.2 kwa mita, la inchi moja karibu nusu lita, kwa hiyo mita 50 za bomba lako la inchi moja zinaisha kwenye lita 25 hivi. Kinachoendelea kutoka kikiwa kichafu baada ya hapo ni cha mtaani. Maji hayo yanafaa kudekia na kumwagia choo. Yakishakuwa maangavu, pima klorini, ikifika 0.2 fungulia tangi. Isipofika, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa siku hiyo, hata kama yanang'aa.

Ukitilia shaka bomba lako mwenyewe, funga koki zote za nyumba na uangalie dira. Kama inazunguka, maji yanatoka mahali, na panapotoka maji kukiwa na presha ndipo panapoingia uchafu presha ikiisha. Fukueni mpaka mpaone.

Jambo dogo la kipimo: kidonge cha DPD kikionyesha waridi halafu rangi ikatoweka papo hapo, usiandike sifuri. Klorini nyingi mno inaweza kuifuta rangi yenyewe. Changanya maji hayo nusu kwa nusu na maji ya chupa, au zaidi, upime upya kisha uzidishe. Hili hutokea kwa mtu aliyetoka kutia dawa tangi na kusahau kulisuuza.

Maji meupe kama yametiwa chokaa

Subiri. Weupe ukianza kuondoka kutoka chini ya glasi kwenda juu na kuisha ndani ya dakika mbili, ni hewa iliyobanwa bombani, kawaida baada ya mgao. Hakuna la kutibu. Ukitulia na kuacha vipande vyepesi chini, huenda shabu iliyozidi mtamboni inashikana bombani. Chukua glasi safi, weka muda na tarehe, toa taarifa.

Maji ya kahawia au mekundu

Ikiwa ni asubuhi tu, yanatoka dakika moja na kusafika, ni kutu ya bomba la chuma ndani ya nyumba yako. Maji yamelala usiku kucha yakilamba kutu. Chai ya rangi inayogeuka nyeusi bila kukolea majani ni dalili ya chuma hicho hicho. Madhara yake kiafya ni madogo, lakini kutu inakula klorini na kuwapa bakteria pa kujishikiza, kwa hiyo bomba kuukuu la chuma badilisha kwa la plastiki pale uwezo unaporuhusu.

Ikiwa ni mtaa mzima na imeanza ghafla, kuna bomba lililopasuka au fundi amefungua valvu kwa kasi na kukorofisha mashapo yaliyolala chini ya bomba kuu. Usifue nguo nyeupe. Usijaze tangi. Hapa ndipo watu wengi wanapojikosea: wanaona maji machache yamekuja, wanayakinga yote, na tope lote la mtaa linahamia ndani ya simtanki lao kukaa miezi.

Ikiwa ni wakati wa masika na kahawia yake ni ya udongo, tazama usafi wake kwa makini zaidi kuliko rangi. Ukungu wa maji hupimwa kwa NTU: jicho huanza kuuona kwenye NTU 4 hivi, ilhali klorini hufanya kazi yake vizuri maji yakiwa chini ya NTU 1, maana vijidudu hujificha nyuma ya chembe za udongo. Maji ya ukungu yaache yatuame usiku kucha, yamimine taratibu kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo uyatie dawa.

Harufu kali ya dawa

Watu hudhani mtambo umezidisha klorini. Mara nyingi ni kinyume chake: ile harufu ya bwawa la kuogelea inayochoma pua hutoka kwenye klorini iliyokwisha kujifunga na uchafu wenye naitrojeni. Pima. Klorini huru ikiwa chini ya 0.2 na harufu bado ni kali, kuna uchafu umeingia njiani. Ikiwa kati ya 0.5 na 1, ni kawaida kwa nyumba iliyo karibu na mtambo au tangi la mtaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita, mbali sana na kiwango ambacho pua inaanza kulalamika. Asiyependa ladha yake aweke maji kwenye jagi lenye kifuniko kwa saa kadhaa. Chujio la mkaa huiondoa mara moja, lakini usilifunge kabla ya tangi: utakuwa umeyavua maji kinga yake kisha ukayalaza juani.

Ladha ya udongo, ukungu au samaki

Hii ni ya ziwa. Ghuba ya Mwanza ina kina kifupi na inapokea mbolea, majitaka na maji ya Mto Mirongo, kwa hiyo mwani wa kijani hustawi, hasa siku za utulivu wa upepo. Baadhi ya mwani huo hutoa kemikali ambayo ulimi unaitambua hata ikiwa kidogo mno, na klorini haiiondoi vizuri. Ladha peke yake haidhuru. Glasi zote tatu zitakuwa sawa, na majirani wote watalalamika pamoja. Chujio la mkaa linasaidia.

Tofauti kubwa ni kwa wanaochota ziwani moja kwa moja, Kirumba mwaloni au vijiji vya ufukweni, mgao ukizidi. Ukiona utando wa kijani juu ya maji, usichote hapo hata kwa kufulia. Mwani huo unaweza kuwa na sumu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha au kutia klorini hupasua mwani na kuiachilia sumu ndani ya maji. Mwani ukichanua pia pH ya maji hupanda juu ya 8 na klorini hupungua nguvu. Maji ya ufukweni yana hatari ya pili, kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi wakati unachota. Vijidudu vyake haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kupata mtu wa kuingia, kwa hiyo maji ya kuogea yaliyokaa kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa 48 yameshapoteza hatari hiyo.

Harufu ya yai bovu

Jaza glasi, toka nayo nje, nusa ukiwa mbali na sinki. Harufu ikiwa imebaki jikoni, ni ya bomba la maji machafu la sinki. Ikiwa imo kwenye glasi, tafuta kipande cha bomba kilichozibwa mwisho na kisichotumika, au tope chini ya tangi.

Chumvi, au birika linaloota magamba

Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Kalamu ya TDS ikichovywa kwenye maji ya bomba yanayotoka ziwani inasoma chini ya 100 na birika halioti magamba meupe. Ukisoma 300 au 500, hayo si maji ya ziwa peke yake: kuna kisima kimechanganywa, muuzaji wa maji amekuletea ya kisima, au majitaka yanaingia. Hapo kalamu ina faida. Lakini isikudanganye, haioni bakteria hata mmoja. Na yule muuza machujio anayetumbukiza vijiti viwili vya umeme ndani ya glasi mpaka maji yawe ya kahawia, kahawia ile ni kutu ya vijiti vyake mwenyewe. Maji yenye madini kidogo hayabadiliki rangi kwa sababu hayapitishi umeme vizuri, basi.

Utelezi, chembe nyeusi, minyoo

Chembe nyeusi zinazopakaa kama masizi ukizisugua ni mpira wa washa iliyochakaa, badilisha. Utelezi na minyoo vinatoka kwenye tangi. Wale wadudu wanaonyanyuka ziwani kama wingu la moshi hutaga popote penye maji tulivu, na funza wao ni vile viminyoo vyembamba vyekundu vinavyojificha kwenye tope. Viluwiluwi vya mbu ni jirani zao. Mfuniko ukikaa vizuri na bomba la kutolea hewa na la kufurikia yakafungwa wavu mwembamba, havirudi.

Kusafisha: toa maji yote, sugua kwa brashi na maji bila sabuni ya harufu, ondoa tope kupitia koki ya chini. Angalia bomba la kutolea maji liko wapi. Likiwa sakafuni kabisa, mwambie fundi alipandishe sentimita 10 ili usinywe mashapo. Kisha jaza robo, tia gramu 80 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi zima, jaza mpaka juu, funika, acha saa 24. Ukiwa na haraka, zidisha dozi mara mbili na uache saa 8. Kabla ya kumwaga, fungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya dawa, ili mabomba nayo yapate. Usimwage kwenye kijito wala shambani. Jaza upya, pima, tumia ikiwa chini ya 1.

Unga huo unatiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Usiuchanganye na dawa ya choo wala kuuhifadhi kwenye kopo la chuma, na usiingize kichwa ndani ya tangi ukiwa umeutia.

Tangi jeusi juani halilindi klorini zaidi ya siku mbili tatu. Ikishuka chini ya 0.2 na bado unahitaji maji hayo, mililita 30 za dawa ya kufulia ya klorini yenye asilimia 3.5, isiyo na manukato, zinaongeza takribani miligramu 1 kwa lita kwenye lita 1,000. Hivyo ni vijiko sita vya chai. Kwa ndoo ya lita 20 tia mililita 1, karibu matone 20, funika nusu saa. Chupa iliyokaa wazi miezi haina nguvu hiyo tena.

Maji ni maangavu lakini nyumba inaharisha

Chukua kipimo cha bakteria. Chupa yenye karatasi ya H2S, inayogeuka nyeusi kwa gesi ya bakteria, inajazwa na kuachwa kwenye joto la kawaida la Mwanza. Ikigeuka nyeusi ndani ya saa 24 hadi 48, huenda kuna uchafu wa kinyesi. Jaza tatu, kama zile glasi. Bomba la karibu na dira likibaki safi huku ya ndoo ikawa nyeusi, tupa kata, nunua ndoo yenye koki na mfuniko. Kuchemsha kwenye kimo cha Mwanza, mita 1,135 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hilo linatosha: yakitokota kwa nguvu dakika moja yameshakufa yaliyomo. Ila hayana kinga baada ya hapo, kidole kimoja tu kinayarudisha pale pale.

Kwa jibu lenye nguvu mbele ya mamlaka, peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mwanza. Wape taarifa kabla, wakupe chupa iliyotakaswa yenye dawa ya kuua klorini ndani. Bila hiyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani na jibu linakuja zuri kuliko ukweli. Ondoa mpira au chujio lililovaa bomba, futa mdomo wake, uchome kwa moto kama ni wa chuma, acha maji yatoke dakika mbili au tatu. Usisuuze chupa, usiguse ndani ya kifuniko, acha nafasi kidogo juu. Weka kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6, na isizidi 24. Jibu linalotakiwa ni sifuri ya E. koli, bakteria wa kinyesi, katika mililita 100. Andika kwenye karatasi ya sampuli saa uliyochukua, klorini uliyosoma hapohapo, na saa maji yaliporudi mara ya mwisho, kwa sababu hilo la mwisho ndilo fundi wa mtandao atakaloanza nalo.